Umeongeza Chakula, Sasa Usimame Wapi? Mwongozo Kamili wa Kutafuta Kiwango Chako cha Kalori

Mtu aliyekuwa akila kidogo kwa muda mrefu, iwe kwa kujinyima ili apungue, kwa ugonjwa au kwa hali ngumu ya maisha, akianza kula zaidi hukutana na swali ambalo hakulitarajia: aongeze hadi wapi? Mizani ikipanda ndani ya siku chache huingiwa na hofu akarudi kujinyima. Isipopanda, hudhani amepata ruhusa ya kula bila kikomo, na baada ya miezi michache nguo zinambana. Mwongozo huu unaeleza namna ya kupata kiasi cha chakula kinachouweka uzito mahali pamoja bila kumwacha mtu na njaa wala uchovu. Umeandikwa kwa kuzingatia majiko ya Kigoma, ambako ugali wa muhogo, sombe (majani ya muhogo), dagaa na mawese hubeba sehemu kubwa ya mlo, na ambako familia nyingi hula kutoka sinia moja.

Hakuna jedwali wala kanuni inayojua mwili wako unatumia kiasi gani. Kanuni hutoa makisio ya kuanzia tu. Jibu lenyewe hutoka kwenye uzito wako na daftari lako, mradi uvipe muda, na muda huo ni mrefu kuliko wengi wanavyoweza kuvumilia.

Wasiopaswa kuanza peke yao

Kabla ya hesabu yoyote, jitazame. Mtu ambaye hakula kabisa, au amekula kidogo mno, kwa zaidi ya siku 10, aliyepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake katika miezi mitatu hadi sita, au ambaye uzito wake kwa kilo ukigawanywa kwa mraba wa urefu wake kwa mita hutoa namba iliyo chini ya 16, asijiongezee chakula nyumbani kwa kubahatisha. Mwili uliozoea njaa ukipokea wanga mwingi kwa ghafla hutoa insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, na insulini hiyo huyaingiza madini ya fosfeti, potasiamu na magnesiamu ndani ya seli hadi kiwango chake katika damu kushuka. Moyo unaweza kushindwa kufanya kazi kwa sababu hiyo. Mtu wa namna hii aende hospitali, iwe ya wilaya au ya rufaa ya mkoa pale Maweni, akaongezewe chakula huku damu yake ikipimwa.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na vijana wanaoendelea kukua, pamoja na wanaotumia dawa za kisukari, nao wasifuate hesabu za humu bila ushauri wa mtaalamu wa afya. Kwa anayetumia dawa za kushusha sukari, kubadili kiasi cha chakula bila kurekebisha dozi ni hatari ya siku hiyo hiyo.

Hatua ya kwanza: pata makisio ya kuanzia

Kanuni inayotumika sana ni ile ya Mifflin na St Jeor iliyochapishwa mwaka 1990. Zidisha uzito wako kwa kilo mara 10, ongeza urefu wako kwa sentimita uliozidishwa mara 6.25, kisha toa umri wako uliozidishwa mara 5. Mwanamume huongeza 5 mwishoni, na mwanamke hutoa 161. Namba unayoipata ni nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umepumzika tu. Izidishe mara 1.2 ikiwa kazi yako ni ya kukaa na hutembei, mara 1.375 ikiwa unatembea kiasi, mara 1.55 ikiwa uko kwenye mwendo sehemu kubwa ya siku, na mara 1.725 ikiwa kazi yako ni nzito kama kuvuta nyavu au kulima kwa jembe.

Tuchukue mfano wa mama mwenye miaka 32, kilo 58 na urefu wa sentimita 160, anayeuza dagaa katika soko la Mwanga na kushinda amesimama. Hesabu yake ni 580, jumlisha 1,000, toa 160, toa 161, na anabaki na 1,259. Akizidisha mara 1.55 anapata takriban kalori 1,950 kwa siku. Namba hiyo inaweza kukosea kwa mamia ya kalori juu au chini, kwa hiyo hana haja ya kubishana nayo wala kuitafutia kikokotoo kingine kwenye simu. Aiandike ukurasa wa kwanza wa daftari na kuendelea.

Hatua ya pili: pima chungu kabla ya kupima sahani

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wengi wanapoharibu. Miongozo mingi humwambia msomaji apime sahani yake, kana kwamba kila mtu hupakuliwa peke yake. Nyumba yenye watu sita wanaozunguka sinia moja haina sahani ya kupima. Njia inayowezekana ni kupima vitu vikavu na mafuta kabla havijaingia chunguni, kisha kukadiria sehemu yako.

Chukua ugali. Unga mkavu, wa muhogo au wa mahindi, una takriban kalori 350 kwa kila gramu 100, na maji hayana kalori. Kilo moja ya unga ni kalori 3,500 hata ugali ukiwa mgumu au laini namna gani. Ukishapikwa na kugeuzwa kwenye sinia, upime wote mara moja. Tuseme umefika kilo 2.8. Kabla ya wengine kuanza, kata sehemu yako uiweke pembeni: ikiwa gramu 560 umekula moja ya tano, yaani kalori 700. Baada ya wiki mbili za kufanya hivyo jicho lako litakuwa limeshazoea ukubwa wa tonge na wa sehemu yako, na unaweza kurudi siniani na wenzako bila kupoteza mengi katika usahihi.

Asiye na mizani ya jikoni apeleke kikombe chake cha nyumbani dukani, amwombe muuza unga amjazie na kukipima kwenye mizani yake. Afanye hivyo kwa unga, mchele, maharage na dagaa, na aandike uzito wa kila kimoja, kwa sababu kikombe kile kile hubeba uzito tofauti kabisa kikijazwa dagaa na kikijazwa unga. Dagaa wapimwe baada ya kuchambuliwa, kwani mchanga wa mwaloni, yaani ufukwe wanakoshushwa samaki, nao una uzito.

Sasa mawese. Sombe likiiva, ukitazama chungu utaona mafuta mekundu yamepanda juu na kukusanyika pembezoni, na majani yamelala chini. Anayechovya tonge pembezoni na anayechota katikati hawali chakula kimoja, ingawa wote watasema wamekula sombe. Mafuta yoyote, yawe mawese, alizeti au korie, yana kalori 9 kwa gramu, na kijiko kikubwa kimoja hubeba karibu 120. Mpishi akimimina mililita 150 kwa kukadiria kwa mkono, ameongeza takriban kalori 1,200 kwenye chungu. Wakila wanne kwa usawa, kila mmoja amepata 300 za mafuta peke yake, mbali na karanga kama zilitiwa. Wekundu wa mawese yasiyosafishwa kiwandani hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, na hilo ni jambo jema sana, lakini haliyapunguzii kalori hata moja. Ukiniuliza kitu kimoja tu cha kupima kwa uaminifu jikoni, nitakujibu mafuta. Weka mawese ya wiki kwenye chupa yenye alama, koroga chungu vizuri kabla ya kupakua, na makosa mengi ya hesabu yatakuwa yamekwisha.

Kwa vitu vingine makisio yanatosha: maharage makavu karibu 340 kwa gramu 100, mchele mkavu 360, muhogo mbichi 160, parachichi 160, karanga kavu karibu 570, yai moja 70. Soda ya chupa hukaribia 150 na bia ya nusu lita hukaribia 200. Chai yenye vijiko vitatu vya sukari ni kalori 50, na anayekunywa vikombe vitano kwa siku ana 250 ambazo hazimo katika hesabu ya mlo wowote.

Usisahau protini, hasa kama ulikuwa umekonda na unataka kilo zinazorudi ziwe pamoja na misuli. Gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito ni lengo zuri, na yule mama wa kilo 58 angehitaji kati ya gramu 70 na 93 kwa siku. Gramu 50 za dagaa wakavu humpa takriban 30. Sehemu iliyobaki inaweza kutoka kwenye maharage, samaki kama migebuka, mayai, na kiasi kidogo kwenye unga wenyewe.

Hatua ya tatu: ongeza kwa kiasi kinachoonekana

Wapo wanaoshauri kuongeza kalori 50 kila wiki ili kuuzoesha mwili. Kwa jiko la kawaida ushauri huo hautekelezeki: kosa la kumimina mafuta peke yake ni kubwa kuliko kalori 50, kwa hiyo hutajua kama umeongeza au umepunguza. Ongeza kalori 200 hadi 250 kwa mkupuo mmoja, ukae hapo wiki mbili, kisha uongeze tena mpaka ufike kwenye makisio ya hatua ya kwanza. Kalori 200 ni gramu 60 hivi za unga mkavu, au gramu 125 za muhogo, au konzi ndogo ya karanga, au ndizi mbivu mbili za wastani. Chagua kitu kimoja kinachohesabika, ukiongeze saa ile ile kila siku, na uache mlo mwingine kama ulivyokuwa. Ukibadilisha kila kitu kwa pamoja hutajua kilichopandisha mizani ni kipi.

Katika kipindi hiki njaa si kipimo cha kutegemea. Kati ya Novemba 1944 na Desemba 1945, Ancel Keys na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliwapunguzia chakula wanaume 36 waliojitolea kwa wiki 24 hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao, kisha wakawarudishia chakula. Baadhi yao waliendelea kulalamika njaa hata baada ya kula mlo mkubwa uliowajaza tumbo. Kwa hiyo, kuhisi kwamba hushibi katika majuma ya kwanza hakumaanishi kwamba umekosea hesabu, na wala hakukupi sababu ya kuiacha.

Hatua ya nne: usihukumu wiki mbili za kwanza

Ukiongeza wanga, mwili hujaza tena akiba yake ya glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa, kwenye ini na misuli, na kila gramu ya glaikojeni huhifadhiwa pamoja na takriban gramu tatu za maji. Utumbo nao una chakula kingi zaidi kinachosafiri. Chumvi, iwe ya Uvinza au ya pwani, haina kalori lakini hushikilia maji, na jioni ya samaki wa chumvi huonekana kwenye mizani kesho yake asubuhi. Yote hayo yanaweza kuleta kilo moja hadi mbili bila mafuta ya maana kuongezeka mwilini. Hesabu ya haraka inathibitisha: kilo moja ya mafuta ya mwili hubeba takriban kalori 7,700, na mtu aliyeongeza 250 kwa siku hawezi kuwa amejenga kilo mbili za mafuta kwa siku saba, kwa kuwa ziada yake yote ya wiki ni 1,750.

Andika uzito wa wiki hizo mbili, lakini usifanye uamuzi wowote juu yake. Ukisharudi nyuma kwa hofu siku ya tano, umejirudisha mwanzo.

Hatua ya tano: pima kwa mwezi mzima wa angani

Baada ya kutulia kwenye kiasi kimoja na wiki mbili kupita, anza kupima kwa makini. Jipime kila asubuhi baada ya kwenda haja na kabla ya chai, ukiwa na nguo zile zile, mizani ikiwa imekaa juu ya sakafu ngumu isiyoyumba. Usilinganishe siku na siku. Jumlisha vipimo vya wiki nzima ugawanye kwa saba, na wastani huo ndio uzito wako wa wiki. Anayetegemea mizani ya zahanati au duka la dawa ajipime walau mara mbili kwa wiki kwenye mizani ile ile na saa ile ile, na aongeze kipimo cha kiuno kwa utepe wa fundi cherehani, usawa wa kitovu.

Wiki nne ndizo kipimo cha chini, na Kigoma kuna sababu ya ziada ya kutokata mapema. Uvuvi wa dagaa hufanyika usiku kwa taa zinazowavuta samaki juu, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazifanyi kazi, kwa hiyo vyombo vingi hupumzika hadi giza lirudi. Mvuvi wa Katonga au Kibirizi katika siku za giza hukesha akivuta nyavu, na katika siku za mbalamwezi hulala nyumbani na kurekebisha vifaa. Matumizi yake ya nishati ni ya watu wawili tofauti. Mchuuzi anayebeba mizigo mwaloni, muanikaji dagaa na mama lishe wa jirani nao hufuata kalenda hiyo hiyo, na mboga ya nyumbani hubadilika bei ikipanda. Anayepima wiki mbili za giza pekee atapata kiwango kikubwa kuliko anachohitaji, na anayepima za mbalamwezi atapata kidogo. Mzunguko kamili ni siku 29 na nusu, na ndani yake mema na mabaya husawazishana. Kwa wanawake mzunguko wa hedhi nao huleta maji siku kadhaa kabla ya damu kuanza, hivyo kipimo cha wiki nne kinawasaidia mara mbili.

Hatua ya sita: hesabu inayotoa jibu

Turudi kwa mama wa Mwanga. Tuseme alikula wastani wa kalori 2,150 kwa siku, wastani wa uzito wake katika wiki ya tatu ulikuwa kilo 59.1, na katika wiki ya saba ukawa 59.7. Kutoka katikati ya wiki ya tatu hadi katikati ya wiki ya saba ni siku 28. Ameongezeka kilo 0.6, ambazo zikizidishwa kwa 7,700 ni kalori 4,620. Zikigawanywa kwa siku 28 zinatoa 165. Hiyo ndiyo ziada yake ya kila siku, na kiwango kinachoushikilia uzito wake ni 2,150 toa 165, yaani karibu 1,985. Makisio ya kanuni yalikuwa 1,950. Safari hii yalikaribia, ingawa kwa mtu mwingine yangeweza kuwa mbali.

Kama uzito umeshuka, hesabu ni ile ile ila unajumlisha badala ya kutoa. Kama haukusogea, umeshapata. Na ikiwa daftari lina kosa la kudumu, kwa mfano umekuwa ukikadiria mafuta kuwa machache kuliko yalivyo, jibu bado linakufaa, mradi uendelee kukadiria kwa namna hiyo hiyo: namba itakuwa ya uongo kidogo, lakini kiasi cha chakula chenyewe kitakuwa sahihi.

Hatua ya saba: tafuta upana, kisha usikilize mwili

Usishikilie 1,985 kana kwamba 2,050 ni kosa. Kiwango cha kudumisha uzito ni eneo lenye upana wa kalori 100 hadi 200, kwa sababu mwili hujibu kile unachokula. Mwaka 1999 James Levine na wenzake wa Mayo Clinic waliwalisha watu 16 kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki nane. Aliyeongezeka mafuta kidogo kabisa alipata kilo 0.36, na aliyeongezeka zaidi alipata 4.23. Tofauti hiyo ilielezwa zaidi na mwendo usio wa mazoezi: kusimama, kutembeatembea, kutotulia kitini. Wapo ambao wakila zaidi hujikuta wanapanda kwa miguu kutoka ziwani hadi Mwanga badala ya kuita bodaboda, bila hata kufikiria, na wapo ambao hukaa vilevile. Hii ndiyo sababu jirani yako anaweza kula kama wewe na asinenepe, na hakuna haja ya kumtilia shaka.

Ndani ya eneo hilo, chagua upande wa juu ikiwa bado una dalili za kula kidogo: usingizi wa kukatika, mikono ya baridi hata mchana wa jua, hasira za karibu, uchovu unaoanza kabla ya saa nne asubuhi, au hedhi iliyopotea. Hedhi ikikosekana miezi mitatu mfululizo na huna mimba, muone daktari hata kama uzito unaonekana mzuri. Dalili zikiwa zimekwisha na kiuno kinaendelea kupanuka mwezi hadi mwezi, shuka upande wa chini kwa kupunguza kitu kimoja kinachohesabika, na mara nyingi kitu hicho ni kijiko kimoja cha mafuta au sukari ya chai.

Wakati wa kupima upya

Kiwango ulichokipata ni cha maisha unayoishi sasa. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na mvuvi aliyeendelea kula chakula cha msimu wa kazi kwa miezi hiyo mitatu alikuwa na ziada ya kila siku hata bila kuongeza tonge moja. Kilimo huleta hali hiyo hiyo kwa wakazi wa Kasulu na Buhigwe, mvua zikianza na jembe likirudi mkononi. Usipime katika mwezi wa Ramadhani, wala wiki za harusi na misiba, kwa kuwa saa za kula, maji na usingizi vyote vimehama. Subiri wiki mbili baada ya maisha kurudi kawaida. Vinginevyo rudia hatua ya tano na ya sita pale wastani wa wiki unaposogea zaidi ya kilo tatu kutoka ulipoanzia, au kazi yako inapobadilika, na daftari la zamani ulitunze, kwani mara ya pili utaanza na kiwango chako mwenyewe badala ya makisio ya kanuni.